Nilivyotoka Golini Nikaingia Jikoni

Kabla sijawa mtu wa chai na mikate, watu wa Chake Chake walinijua kwa kazi moja tu: kusimama baina ya boriti mbili na kuzuia mpira usipite. Nilikuwa kipa. Siku hizo, miaka ya mwisho ya hamsini, tulicheza miguu mitupu kwenye kiwanja chenye mteremko upande mmoja, na mvua ikinyesha maji yote yalikuja kutuama golini kwangu. Mpira ulikuwa wa ngozi, unafungwa kwa kamba kama kiatu, na ukilowa unakuwa mzito kama dafu. Kuupangua kwa ngumi kulitaka mkono uliozoea kazi. Mie nilikuwa nao. Nilikulia Mtambile, shambani kwa baba, nikipanda mikarafuu tangu mdogo, na vidole vyangu vilikomaa kwa kushika matawi.

Mjini nilikaa Madungu kwa shangazi yangu, dada wa baba, mjane asiyekuwa na mtoto. Mchana nilibeba magunia ya karafuu ghalani, jioni nilicheza mpira. Baba hakuupenda mpira hata kidogo. Hakunikataza, lakini kila nilipokwenda Mtambile aliniuliza habari za ghala, habari za shangazi, habari za mvua ya mjini, na mpira akauruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Mwaka mmoja nikachaguliwa timu ya kisiwa, iende Unguja kucheza na timu za kule. Jina langu lilipotajwa nilijifanya sikusikia vizuri ili litajwe tena. Shangazi alinishonea kaptura mpya kwa mkono. Ilibaki mechi moja tu nyumbani kabla ya safari, nayo ilikuwa na Wete.

Wete walikuwa na senta fowadi mmoja kifua kipana, mwenye tabia ya kucheka hata akikosa goli. Tulikuwa tukijuana kwa kupigana vikumbo miaka yote. Jioni ile, karibu na mwisho, ikapigwa kona. Niliuona mpira unakuja juu, nikaruka, naye akaruka. Mpira niliupata. Niliupiga ngumi safi kabisa, ngumi ambayo hata leo nikiifikiria naona raha. Kisha tukaanguka sote wawili, kiwiko changu chini, kiganja kwenye mguu wa boriti, na kifua chake juu ya mkono wangu. Nikasikia kitu kinakatika kama mti wa muhogo.

Yeye ndiye aliyeinuka mwanzo na kupiga kelele mchezo usimame. Nilipoutazama mkono wangu niliona umepinda mahali pasipopinda.

"Nisamehe, yakhe," akasema. Safari hii hakucheka. "Wallahi sikukusudia."

"Mpira ulitoka?" nikamuuliza.

"Ulitoka."

"Basi."

Akanibeba na wenzangu mpaka hospitali, na jezi yake ya Wete ikawa imejaa tope la goli letu. Daktari akanifunga plasta kutoka vidoleni mpaka kiwikoni. Timu ya kisiwa ikapanda meli Mkoani na kipa mwengine. Sikwenda kuwaaga. Siku ya mechi nilikaa barazani kwa shangazi na kaptura mpya imekunjwa ndani ya sanduku, nikawa nawapa kuku makombo kwa mkono wa kushoto.

Plasta ilipotolewa, mkono uliokuwa ndani si ule niliouingiza. Ulikuwa mwembamba, mweupe wa ukavu, na kifundo hakigeuki. Daktari akanambia mfupa umeunga lakini kifundo kimekaza, na golini nisirudi. Ghalani nako hawakuwa na kazi ya mtu wa mkono mmoja. Zilipomfikia baba habari hizi akapanda gari kutoka Mtambile, akaja akakaa ukumbini kwa dada yake na kofia yake mkononi.

"Rudi nyumbani," akasema. "Mikarafuu ipo. Hukosi la kufanya."

"Mkono haushiki tawi, baba."

"Utashika. Na usiposhika, utaanika karafuu. Hata kuanika ni kazi. Mpira ushakwisha, mwanangu, na haukukupa kitu."

Shangazi alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Akatoka na mikono yake imejaa unga.

"Mwache kwanza huyu, kaka," akasema. "Nina kazi naye."

"Kazi gani?"

"Yangu."

Baba aliondoka na gari ya alasiri bila kuijua ile kazi. Mie niliijua alfajiri ya kesho yake. Shangazi alikuwa akipika mandazi na chapati na kuziuza mlangoni kwake kwa makarani na makuli wanaowahi kazini. Alinivuta mpaka jikoni, akanikalisha kwenye kigoda, akaniwekea mbele yangu bakuli kubwa la unga uliotiwa tui.

"Kanda," akasema.

"Kwa mkono huu?"

"Kwa huo huo. Ule mwengine hauumwi, utaukandia nini?"

Nikakanda. Maumivu yalipanda mpaka begani, machozi yakanitoka, nikawa nayafuta kwa bega ili shangazi asiyaone, naye akawa anageuza uso makusudi ili asiyaone. Unga ule ulikuwa na mabonge kama mawe. Akauvunja, akaniambia nianze tena. Asubuhi iliyofuata hivyo hivyo. Majirani walipopita uani na kumwona kijana mzima amekaa kwenye kigoda anakanda unga, walicheka mpaka wakashika nguzo. Mmoja akaniuliza kama harusi yangu itakuwa na bwana harusi au mabibi harusi wawili. Nilimwambia asubiri chapati zitoke. Hazikutoka nzuri, zilitoka ngumu, na akacheka tena. Lakini sikuinuka kwenye kile kigoda. Nilikuwa nimeshindwa kupanda meli, sikuwa tayari kushindwa na unga.

Taratibu kifundo kikaanza kulegea. Kwanza kiligeuka kidogo kama bawaba yenye kutu, kisha kikageuka zaidi. Nikaweza kusukuma chapati ya duara. Nikajifunza kuchuja tui zito na tui jepesi, nikajifunza mbaazi za nazi zinataka moto wa namna gani zisiungue chini, nikajifunza kumpaka samaki tui na kumgeuza asivunjike. Shangazi hakuwa mwalimu wa kueleza. Alionja, akatema au akameza, na hapo ndipo nilipojua nimefika wapi.

Likaja jambo ambalo hatukulitazamia. Wapenzi wa mpira walisikia kwamba kipa wao anauza chapati Madungu, wakaanza kuja. Mwanzo walikuja kunicheka, kisha wakaja kula, kisha wakawa hawaondoki. Walisimama mlangoni na chapati mkononi wanabishana nani alikosea mechi gani, na shangazi akawa hawezi kutoka nyumbani kwake bila kupita katikati ya wanaume.

"Huu mlango wa nyumba yangu au kiwanja cha mpira?" akaniuliza siku moja. "Nina heshima zangu hapa mtaani. Tafuta pahala."

Karibu na zinaposimama gari za abiria palikuwa na banda la mawe, paa la makuti, lililokuwa ghala la karafuu la mzee mmoja mwenye asili ya Oman. Zamani ukoo wake ulikuwa na mashamba makubwa. Kufikia wakati ule mengi yalishakwenda, na banda lilikuwa tupu. Nilimfuata msikitini baada ya Adhuhuri, nikamwamkia, nikamweleza.

Akanitazama mikono. "Wewe ndiye kipa?"

"Nilikuwa, mzee."

"Na unataka kuuza chai ndani ya ghala langu."

"Chai na chakula."

Akafikiri. "Wakati wa sala unafunga. Karata hazichezwi. Na usafi. Banda hili lilihifadhi karafuu safi, sitaki liwe pango la panya."

Nikakubali yote, tukapeana mkono, na yeye akawa mtu wa kwanza kuubana mkono wangu wa kulia bila mimi kukunja uso.

Tulifungua mwanzo wa masika, na hapo nilikosea, maana kuni zote zilikuwa mbichi. Siku ya kwanza moshi ulijaa bandani hata wateja wakawa wanakula macho yamefumba. Makuti yalivuja juu ya benchi. Mbaazi nilipika nyingi kupita kiasi, zikabaki, na jioni nikazigawa mtaani na aibu yangu. Shangazi alikuwa amekaa pembeni na buibui lake limelowa, akanambia, "Leo umejua mvua inaingilia wapi. Kesho utajua la kesho." Kesho yake nilipanda juu nikaziba paa. Nikalivunja jiko nikalijenga upya kwa udongo, mdomo wake ukielekea nje, na moshi ukapata njia. Kuni nikazianika darini juu ya jiko lenyewe, zikawa zinakauka huku nyengine zinaungua chini yake.

Kitu kimoja kilinishinda: harufu ya karafuu. Kuta zilikuwa zimeinywa miaka na miaka. Nilisugua kwa chokaa, nikafukiza, wapi. Chai ikawa inanukia karafuu, wali unanukia karafuu. Nilikuwa nikiona haya mpaka nikamsikia abiria mmoja wa Mkoani akimwambia mwenzake, "Chai ya hapa wanaitia kiungo chao, huipati pengine." Tangu siku hiyo nikaacha kusugua.

Msimu wa karafuu ulipofika, mji ulifurika wachumaji. Walikuja kutoka vijiji vyote na wengine wakavuka kutoka Unguja, na wote walitaka kula kabla ya kwenda mashambani. Tuliamka na adhana ya Alfajiri na kulipopambazuka benchi zote zimejaa. Shangazi kwenye mandazi, mimi kwenye chapati, birika halishuki motoni. Sijapata kuchoka vile hata baada ya mechi, na sijapata kulala vizuri vile.

Msimu ulipokwisha, kapteni wa timu yetu akaja. Alikuwa seremala, mtu mwenye maneno machache, rafiki yangu tangu nilipoingia mjini. Aliniona naupindua unga mzito kwa mkono wa kulia, akasema, "Mkono umepona huo. Njoo golini."

Sitasema uwongo, moyo uliruka. Jioni ile nilivaa ile kaptura ya shangazi kwa mara ya kwanza. Nikasimama tena baina ya boriti. Mipira ya chini niliidaka yote. Ya kifuani niliidaka. Kisha kapteni akapiga wa juu, nikaruka nikaupiga ngumi, na kifundo kikaniambia ukweli. Mpira haukwenda popote, ulidondoka mbele yangu kama embe. Nikamwambia apige tena. Ukadondoka tena. Mara ya tatu sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nilimfuata kapteni, nikamwambia atafute kipa mwengine, na mie nitawalisha kila baada ya mechi, wakishinda na wakishindwa. Nilirudi hotelini nimevaa kaptura vile vile, nikashika mwiko. Niliumia, lakini nilikuwa nimeamua mwenyewe; safari hii hakuniamulia daktari wala boriti.

Kipindi hicho ndipo senta fowadi wa Wete alipotokea tena maishani mwangu. Aliacha mpira kabla mie sijazoea kuukosa, akawa dereva wa gari ya abiria, moja ya zile za bodi la mbao, kutoka Wete kupita Chake mpaka Mkoani. Siku ya kwanza aliposimamisha gari mbele ya hoteli alisita mlangoni.

"Ukinitilia sumu nimestahiki," akasema.

"Sumu ghali," nikamjibu. "Kaa ule."

Akacheka kile kicheko chake, na tangu hapo abiria wake wote walishuka kwangu. Aliniletea samaki kutoka Mkoani, wanaovuliwa na watu wa kisiwa cha Makoongwe, wamefungwa kwenye makuti mabichi nyuma ya kiti chake, wangali wanang'aa. Kwa ajili yake watu walianza kuja Chake kula, si kula kwa sababu wako Chake.

Kisha siasa ikaingia. Waliokuwapo wanakumbuka, na wasiokuwapo hawaamini. Watu waliosali safu moja waliacha kusalimiana. Wa chama hiki hanunui duka la wa chama kile, hapandi gari yake, hamziki maiti wake. Ndoa zilivunjika. Timu yetu ya mpira, iliyowahi kuwafunga Wete na Mkoani, ilivunjwa na siasa pande mbili kwa jioni moja, na kila upande ukaondoka na boriti yake.

Hotelini kwangu benchi zilikuwa ndefu na kila mtu alikaa alipopata nafasi. Jambo hilo likawa kosa. Alikuja kwanza kapteni, na wachezaji wa upande wake nyuma yake. Hakukaa.

"Tunakupenda," akasema. "Lakini wale wengine wakiendelea kunywa chai hapa, sisi hatuji."

"Kapteni, wale wengine nusu yao ni mabeki wako."

"Walikuwa."

Siku mbili tatu baadaye wakaja vijana wa ukoo wa mzee mwenye banda, wa upande wa pili, na maneno yale yale yamegeuzwa. "Banda hili ni letu," wakasema. "Ukiwauzia wale, utoke."

Niliwajibu wote jibu moja: anayekaa anapewa chai. Sikusema kwa ushujaa. Nilisema nimeshika ukingo wa meza. Ila nilijua kitu kimoja, nilikijua tangu kwenye kigoda cha shangazi: nikisogea hatua moja leo, kesho nitaambiwa nisogee nyengine.

Basi wakaniacha. Wa upande huu wakaacha kuja kwa sababu ya wale, na wale kwa sababu ya hawa. Nilipika, nikapunguza, nikapunguza tena. Benchi tupu ni ndefu kuliko benchi iliyojaa. Mzee mwenye banda akaja siku moja, akaniamuru nimtilie chai, akainywa yote. Nilikuwa nasubiri aniambie nitoke.

"Vijana wangu walikuja hapa?" akauliza.

"Walikuja, mzee."

"Banda ni langu, si lao. Na chai ni yako. Nilikuambia karata zisichezwe, sikukuambia umnyime mtu maji ya kunywa." Akainuka na bakora yake, akaenda zake. Kwa hiyo nilikuwa na paa. Wateja bado sikuwa nao.

Asubuhi moja gari ya Wete ilirudi kutoka Mkoani ikasimama. Abiria walishuka wakaenda zao bila kuitazama hoteli. Wa mwisho kushuka alikuwa baba. Tangu nifungue alikuwa hajatia mguu pale; habari zangu alizipata kwa dada yake. Aliingia, akatoa kofia, akakaa katikati ya benchi tupu, mahali palipoonekana vizuri kutoka barabarani. Mtambile nzima ilijua baba ni wa chama gani. Dereva alikuwa wa chama cha pili, na hilo nalo lilijulikana barabara yote.

"Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba. Nimekuja kula. Hii si hoteli?"

"Hoteli, baba."

"Basi lete." Kisha akamgeukia dereva aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo zake, hajui aingie au asiingie. "Na weye kaa hapa. Umenileta salama, siwezi kula nawe umesimama."

Dereva akanitazama mimi. Nikamsogezea sahani. Akakaa karibu na baba, bega kwa bega, na mlangoni watu wakaanza kusimama kidogo kidogo, wanajifanya wanasubiri gari. Baba alikula chapati kwa mbaazi polepole, kama mtu aliyeko nyumbani kwake. Alimuuliza dereva habari za mama yake, habari za barabara, habari za mvua ya Wete. Alipomaliza akafuta vidole.

"Mbaazi chumvi imepungua," akanambia.

"Nitaongeza, baba."

"Ongeza. N'takuja tena."

Shangazi alikuwa nyuma ya jiko, ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa akilia au akicheka. Baba akaja tena, na kila alipokuja alikuja na gari ile ile na kukaa na dereva yule yule. Hakuhubiri. Hakuniambia kwamba nimefanya vyema, na mpaka anaingia kaburini hakuniambia. Lakini wazee wawili watatu wa rika lake wakaanza kukaa naye, kisha makarani, kisha wachukuzi. Hawakurudi wote. Kapteni hakurudi. Alikuwa akipita upande wa pili wa barabara na mbao zake begani, naye anajua namwona, nami najua ananiona, mpaka alipohamia Unguja. Hilo halijaniondoka.

Nilijifunza pia kwamba hoteli peke yake inaweza kufungwa na midomo ya watu. Nikaanza kutafuta kitu kitakachotoka nje kuwafuata watu huko waliko. Dereva ndiye aliyenipa fikra. Tulikuwa tumekaa baada ya Alasiri, anatafuna chapati, akanambia, "Mkoani wanakula boflo iliyotoka Unguja na meli. Ikifika ngumu unaweza kujengea. Mtambile hata hiyo hawaioni."

Boflo! Mikate ile ya tanuri, ya hamira. Sikuwa najua kuioka. Nilimwendea mpishi mstaafu aliyewahi kupika nyumba za Waingereza, nikamwomba anifundishe, akanifundisha unga na hamira. Tanuri akaniambia nijenge mwenyewe. Nikajenga nyuma ya banda kwa mawe ya matumbawe, yale tunayojengea nyumba. Nilijiona fundi. Siku ya kuwasha moto wa kwanza mkubwa, mawe yakaanza kulia, yakapasuka, na mikate ikatoka imepakwa vumbi jeupe kama imeanguka kwenye pipa la chokaa. Mzee mwenye banda alikuja kutazama kelele zile, akashika kiuno akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mwanangu," akasema, "chokaa inatengenezwa vipi?"

Hapo nikaelewa. Tunachoma mawe yale yale kupata chokaa. Nilikuwa nimejenga tanuu la chokaa na kutia mikate ndani. Nikalibomoa siku ile ile. Nikachukua udongo wa kichuguu, shangazi akaukanyaga kwa miguu yake pamoja nami, tukajenga upya, tukaliacha likauke polepole bila kuliharakisha. Tulipowasha tena, likatulia. Mikate ya kwanza ilitoka imeinama upande mmoja. Ya pili ilisimama. Nilivunja mmoja, mvuke ukanipiga usoni, nikampa shangazi. Akaonja. Akameza.

Tangu hapo mikate ikawa inasafiri juu ya gari ya dereva, imefunikwa turubai, inashuka Mtambile, inashuka Mkoani. Madukani waliinunua wa chama hiki na wa chama kile. Nilimwuliza dereva kama kuna mtu anauliza imeokwa na nani.

"Wanauliza imefika saa ngapi," akanijibu.

Nikachukua vijana wawili wa kunisaidia kuoka, mmoja kutoka kila upande wa siasa, na wakagombana sana wiki za mwanzo, kisha kazi ikawanyamazisha. Baba akanipa kipande cha ardhi ukingoni mwa shamba lake, kando ya barabara, nikaweka duka la mikate, unga na sukari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikaa pale mchana, akimwambia kila mnunuzi kwamba mkate wa jana ulikuwa bora zaidi.

Siku moja ujumbe ukaja kutoka Makoongwe, kile kisiwa mbele ya Mkoani, kwamba wana harusi na wanataka boflo. Hawakuwahi kuagiza kabla. Nikaamua kuipeleka mwenyewe. Nilivuka na mvuvi mmoja, makapu ya mikate baina ya magoti yangu, nikiyafunika kwa mwili wangu maji yalipotaka kuruka ndani. Ufukweni walinipokea wanawake wenye haraka za harusi, na mwanamume mmoja wa makamo ambaye nilimwona ananitazama sana. Nikajua kinachofuata. Miaka yote, popote nilipokwenda, nilikuwa naulizwa habari ya ile ngumi na ule mkono.

"Weye ndiye mwenye mikate?" akauliza.

"Ndimi."

"Ile ya Chake, inayonukia karafuu?"

"Ndiyo hiyo."

Akaubonyeza mkate kwa kidole gumba, akautazama unavyoinuka. "Nlidhani mtu mzima zaidi," akasema. Hakuuliza jengine. Mpira hakuwa anaujua, au alikuwa hajali. Nilisimama pale na miguu yangu ndani ya maji, nikasikia kama nimepunguziwa kitu na kuongezewa kitu kwa wakati mmoja, na sikuweza kupima kipi kizito. Mmoja wa wale wanawake akapiga kelele kwamba makapu haya hayatoshi, wageni wa Mkoani wako njiani, je, kesho asubuhi naweza kuleta kama haya tena?

"Naweza," nikasema, nikamwita mvuvi anirudishe, maana unga wa kesho ulikuwa haujakandwa.